Je, Jana ya Kwotabeki Inaijua Kesho Yake?

Tarehe 1 Januari 2012, mjini Green Bay, kocha wa Packers alimpumzisha kwotabeki wake nyota, Aaron Rodgers, kwa kuwa mechi ile ya mwisho ya msimu haikuwa na uzito tena kwa timu yake. Akaingia msaidizi, Matt Flynn, kijana ambaye hadi siku hiyo alikuwa ameanza mechi moja tu katika NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani. Flynn aliwarushia Detroit Lions yadi 480 na pasi sita za tachidauni (mabao ya mchezo huo), idadi ambayo hakuna mchezaji wa Green Bay aliyekuwa ameifikia katika mechi moja. Miezi michache baadaye Seattle Seahawks walimsajili kwa mkataba wa mamilioni ya dola, wakiamini wamempata mtu wa kuwaongoza. Msimu ulipofunguliwa Septemba, Flynn alikuwa benchi. Nafasi ilichukuliwa na Russell Wilson, kijana mfupi kwa vipimo vya mchezo huo, ambaye jina lake lilikuwa limeitwa la 75 katika uteuzi wa mwaka huo wa wachezaji kutoka vyuoni. Katika msimu wake wa pili, Wilson aliipa Seattle ubingwa wake wa kwanza: Februari 2014, pointi 43 kwa 8 dhidi ya Denver.

Wenye klabu walimwona Flynn kwa macho yao, wakahesabu yadi zake, wakamlipa. Walikosea wapi? Au hawakukosea, bali walicheza bahati nasibu wakidhani wanafanya hesabu? Swali la kama alichofanya kwotabeki jana kinaonyesha atakachofanya kesho limejadiliwa Marekani kwa miongo mingi, na kuna fedha nyingi zinazolitegemea. Mwaka 2024 Dallas Cowboys walimwongezea Dak Prescott mkataba wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 240. Kwa kuwa ligi ina kikomo cha mishahara kwa kila timu, dola anayolipwa kwotabeki asiyefaa ni dola iliyokosekana kwa wenzake wote.

Kwa msomaji aliyezoea soka, kwotabeki ni kiungo mchezeshaji na nahodha kwa pamoja, ila madaraka yake ni makubwa zaidi. Karibu kila shambulizi huanzia mikononi mwake. Ana sekunde mbili au tatu za kusoma ulinzi wa wapinzani, kuchagua mwenzake wa kumpa, na kurusha, huku watu wenye uzito wa zaidi ya kilo 120 wakimjia kumwangusha. Mbele yake kuna ukuta wa wachezaji watano ambao kazi yao ni kumkinga. Mbali zaidi kuna wapokeaji wanaokimbia njia walizopangiwa na kocha. Mpira ukifika, takwimu zinaandikwa kwa jina lake. Usipofika, vivyo hivyo.

Msimamo wangu ni kwamba rekodi ya kwotabeki husema kweli, lakini husema kweli kuhusu mambo machache, nayo si yale yanayopewa vichwa vikubwa vya habari. Sehemu kubwa ya kinachoitwa rekodi yake ni kazi ya watu wengine iliyoandikwa kwa jina lake.

Tuanze na hatua ngumu kuliko zote, ile ya kutoka chuo kikuu kwenda ligi ya kulipwa. Kila Aprili klabu huchagua wachezaji kutoka vyuoni kwa zamu, na ile iliyofanya vibaya zaidi huchagua kwanza. Mwaka 1998 Indianapolis Colts walimchukua Peyton Manning, kisha San Diego Chargers wakamchukua Ryan Leaf. Wapo wataalamu waliomwona Leaf kuwa ndiye mwenye mkono bora. Msimu ule wa kwanza Manning alinaswa pasi 28, yaani zilidakwa na wapinzani, nyingi kuliko mgeni yeyote katika historia ya ligi, na timu yake ilishinda mechi 3 kati ya 16. Leaf alinaswa pasi 15, akapata tachidauni 2. Aliyetazama safu ya pasi zilizonaswa peke yake angeweza kusema Indianapolis wamepoteza. Lakini Manning huyo huyo alikuwa amerusha tachidauni 26, na baadaye akawa Mchezaji Bora wa Msimu mara tano. Leaf aliondoka kwenye ligi akiwa na tachidauni 14 na pasi 36 zilizonaswa katika maisha yake yote ya NFL.

Wasomi wamelipima jambo hili kwa mapana. Wachumi Cade Massey na Richard Thaler walichunguza uteuzi wa wachezaji wa nafasi zote, si makwotabeki pekee, wakauliza: mchezaji aliyechaguliwa mbele ya mwingine wa nafasi ileile, je, huanza mechi nyingi kuliko huyo anayemfuata? Jibu lilikuwa ndiyo, katika asilimia 52 ya mara. Ukirusha shilingi hewani unapata karibu hivyohivyo. David Berri na Rob Simmons, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu makwotabeki peke yao, waliona kwamba anayechaguliwa mapema hupewa muda mwingi zaidi uwanjani, lakini ukilinganisha mchezo mmoja baada ya mwingine, ubora wake haupishani sana na wa waliochaguliwa nyuma yake. Mwandishi Malcolm Gladwell alikuwa amelifikisha suala hilo kwa wasomaji wa kawaida mwaka 2008 katika jarida la New Yorker, akilinganisha ugumu wa kumtambua kwotabeki bora na ugumu wa kumtambua mwalimu bora kabla hajaingia darasani.

Mwaka uliofuata mwanasaikolojia Steven Pinker alimpinga, na katika hili naona Pinker ana hoja nzito. Ukilinganisha mchezo mmoja mmoja, unawalinganisha tu wale waliofika uwanjani. Aliyechaguliwa raundi ya sita hapewi mpira hadi awashangaze makocha mazoezini kwa miezi. Wenzake ambao hawakumshangaza mtu walirudi nyumbani, na hawamo katika hesabu. Aliyechaguliwa wa kwanza huchezeshwa hata akiboronga, kwa sababu klabu imeshatumia fedha na heshima yake. Kwa hiyo kundi moja limechujwa mara mbili na la pili mara moja, halafu tunashangaa kuona yanafanana.

Hapo ndipo jina la Tom Brady linapotumiwa vibaya. Ni kweli alichaguliwa wa 199 mwaka 2000, makwotabeki sita wakiwa wameshaitwa mbele yake, na ni kweli alitwaa ubingwa mara saba. Lakini kila anayemtaja Brady kuthibitisha kwamba uteuzi ni upuuzi anapaswa kwanza kutaja majina ya wengine waliochaguliwa raundi ya sita na ya saba katika miaka ishirini iliyofuata. Wachache sana watamjia. Brock Purdy wa San Francisco, aliyeitwa wa 262 na wa mwisho kabisa mwaka 2022 kisha akacheza fainali ya Super Bowl Februari 2024, anakumbukwa kwa sababu yuko peke yake.

Huyo Purdy anatufikisha kwenye jambo lenye manufaa zaidi. Mwaka 2006 mtafiti kijana aitwaye David Lewin alionyesha kwamba, kwa makwotabeki waliochaguliwa katika raundi mbili za kwanza, namba mbili za chuoni zilitabiri vizuri kuliko urefu, nguvu za mkono au matokeo ya majaribio ya Februari: idadi ya mechi alizoanza, na asilimia ya pasi zake zilizofika. Ukiifikiria, idadi ya mechi si takwimu ya ustadi hata kidogo. Lakini kijana aliyeanza mechi arobaini ametazamwa na wapinzani kwa misimu mitatu, wamepata muda wa kumsoma, na kocha wake kila wiki alikuwa na fursa ya kumweka mwingine na hakumweka. Mitchell Trubisky alikuwa ameanza mechi 13 tu chuoni North Carolina alipochaguliwa wa pili mwaka 2017, mbele ya Patrick Mahomes aliyeitwa wa 10. Purdy alikuwa mchezaji wa kuanza kwa misimu minne Iowa State. Jayden Daniels alianza mechi 55 katika vyuo viwili, na katika msimu wake wa kwanza wa kulipwa, 2024, aliifikisha Washington mechi moja kabla ya fainali.

Kanuni hii ina walioivunja, na mkubwa wao ni Josh Allen. Chuoni Wyoming asilimia 56.2 tu ya pasi zake ndizo zilizofika. Katika msimu wake wa kwanza na Buffalo Bills, 2018, alipata asilimia 52.8. Waliosema hataweza kulenga walikuwa na kila ushahidi mkononi. Mwaka 2020 alifikisha asilimia 69.2, na kwa msimu wa 2024 alichaguliwa Mchezaji Bora. Kupanda kwa kiasi hicho ndani ya miaka miwili ni nadra mno. Hata hivyo Buffalo hawakukaa wakisubiri: walimwachia mratibu yuleyule wa mashambulizi, Brian Daboll, misimu yote hiyo, wakamjengea upya ukuta wa mbele, na mwaka 2020 wakamletea mpokeaji Stefon Diggs. Allen mwenyewe alirekebisha namna ya kusimama na kurusha. Sidhani mfano wake unatufundisha kupuuza namba. Unatufundisha kuuliza kijana anakwenda kufanya kazi na nani.

Lipo jambo jingine kuhusu rekodi za zamani ambalo haliruhusu upole. Kwa miongo mingi klabu za NFL ziliamini kwamba mchezaji mweusi hawezi kuwa kwotabeki, na imani hiyo ikaitwa tathmini. Warren Moon aliongoza Chuo Kikuu cha Washington kushinda Rose Bowl Januari 1978, akachaguliwa mchezaji bora wa mechi hiyo, na mwaka huohuo hakuna klabu hata moja iliyomwita katika raundi zote 12. Alikwenda Edmonton, Kanada, akatwaa Kombe la Grey mara tano mfululizo, ndipo Houston Oilers wakamchukua mwaka 1984. Leo yumo katika Ukumbi wa Watukufu wa mchezo huo. Miaka arobaini baada ya Moon, mwaka 2018, Lamar Jackson alikuwa na tuzo ya Heisman, yaani mchezaji bora wa vyuo vyote, na bado wapo wakongwe wa ligi waliosema hadharani kwamba abadilishwe awe mpokeaji. Aliitwa wa 32. Msimu uliofuata ule wake wa kwanza alikuwa Mchezaji Bora wa ligi kwa kura zote. Rekodi ya Moon na ya Jackson ilitabiri vizuri kabisa. Waliopaswa kuisoma ndio hawakutaka kuisoma, na hakuna kielelezo cha takwimu kinachoweza kutuambia ni wangapi walionyimwa hata nafasi ya kuwa na rekodi.

Sasa tuje kwa yule aliyekwisha ingia ligi. Hapa ungetegemea mambo yawe rahisi, kwa kuwa mashindano ni yaleyale. Si hivyo. Mwaka 2013 Nick Foles wa Philadelphia alirusha tachidauni 27 na kunaswa mara 2 pekee. Mwaka uliofuata, klabu ileile na kocha yuleyule, alirusha 13 akanaswa mara 10 kabla ya kuumia. Hakusahau kucheza. Kwotabeki hunaswa pasi kumi hivi katika majaribio mia tano. Mpira mmoja unagonga vidole vya mpokeaji na kumwangukia adui, mwingine unagusa mkono wa beki na kutoka nje, na tayari msimu mzima umegeuka sura. Francis Galton alieleza jambo hili mwaka 1886 akipima urefu wa wazazi na watoto wao: waliopita kiasi sana upande mmoja hufuatwa na walio karibu zaidi na wastani. Msimu wa pasi mbili zilizonaswa karibu kila mara hufuatwa na msimu wenye nyingi zaidi, kwa Foles na kwa yeyote yule.

Waliochambua takwimu za mwaka hadi mwaka wanakubaliana kwamba pasi zilizonaswa na tachidauni ni watabiri dhaifu, na ushindi wa timu pia. Asilimia ya pasi zinazofika hudumu zaidi. Kinachodumu kwa namna inayowashangaza wengi ni mara ngapi kwotabeki anaangushwa akiwa bado na mpira. Washabiki huwalaumu walinzi wa mbele, lakini kwotabeki akihama klabu, tabia hiyo mara nyingi huhama naye. Manning alikuwa mgumu kuangushwa Indianapolis, akawa mgumu vilevile Denver alipokwenda mwaka 2012 akiwa mbele yake na watu wengine kabisa, kwa sababu aliuona mchezo mapema na kuuachia mpira upesi. Hiyo ndiyo sehemu ya rekodi iliyokuwa mali yake mwenyewe.

Iliyobaki ni mali ya klabu. Jared Goff, chaguo la kwanza la mwaka 2016, alianza mechi saba msimu ule na Rams akashindwa zote saba. Kocha alifukuzwa, akaja Sean McVay mwenye umri wa miaka 30, na mwaka 2017 Goff akarusha tachidauni 28 na kunaswa mara 7. Ni mtu yuleyule na mkono uleule. Zamani kidogo, Steve Young alianza mechi 19 na Tampa Bay akashinda 3. San Francisco wakamchukua, wakamfundisha chini ya Bill Walsh, na baadaye akawa Mchezaji Bora mwaka 1992 na 1994, na kurusha tachidauni sita katika Super Bowl moja. Baker Mayfield, chaguo la kwanza la 2018, alikuwa ameachwa na Cleveland na Carolina kabla ya kurusha tachidauni 41 na Tampa Bay mwaka 2024. Ukiwa na mifano kama hii mkononi ni vigumu kumwita kijana wa miaka 22 aliyeshindwa msimu mmoja kuwa ameshindwa. Na wapo wengi walioitwa hivyo, wakaondoka na jina hilo wakiwa na miaka 25, bila mtu kuuliza walikuwa na makocha wangapi katika miaka mitatu.

Umri nao huja na hesabu yake, tena bila kubisha hodi. Mwaka 2013 Manning alirusha tachidauni 55, rekodi ya ligi. Mwaka 2014 alirusha 39. Mwaka 2015 alirusha 9 na kunaswa 17. Jumla ya tachidauni za mwaka 2014 haikuonyesha mporomoko wa kiasi kile, na bado Denver walitwaa ubingwa msimu huo huo wa 2015 kwa sababu ya ulinzi wao. Brady, kwa upande wake, aliongoza ligi kwa yadi 5,316 akiwa na miaka 44.

Hasara kubwa, kwa maoni yangu, haitokani na kutabiri vibaya. Kila mtu hutabiri vibaya. Inatokana na kufunga mkataba kana kwamba utabiri ni ahadi. Russell Wilson, yuleyule aliyemweka Flynn benchi, aliuzwa kwa Denver Machi 2022. Kabla hajacheza hata mechi moja aliongezewa mkataba wa zaidi ya dola milioni 240. Msimu ule alirusha tachidauni 16. Mwaka wa pili alifanya vizuri zaidi, lakini Machi 2024 aliachwa, na Denver wakabaki na mzigo wa dola milioni 85 katika hesabu za kikomo chao. Seattle, waliomuuza, walimkabidhi nafasi Geno Smith, msaidizi ambaye ligi nzima ilikuwa imemsahau, na mwaka huo 2022 aliongoza ligi kwa asilimia 69.8 ya pasi zilizofika. Cleveland nao walimpa Deshaun Watson dola milioni 230 zilizodhaminiwa zote, wakitegemea msimu wa 2020 alioongoza ligi kwa yadi akiwa Houston. Alikuwa amekaa nje msimu mzima wa 2021, akasimamishwa mechi 11 kwa kuvunja kanuni za maadili za ligi, kisha akaandamwa na majeraha. Hakurudi kuwa yule wa Houston.

Kwa hiyo, rekodi inatabiri? Inatabiri ulengaji, wepesi wa kuamua, na uwezo wa kudumu uwanjani, hasa ikiwa imejengwa kwa mechi nyingi. Haitabiri ushindi, na inayumba sana katika tachidauni na pasi zilizonaswa. Na kama ningeruhusiwa kujua jambo moja tu kuhusu kijana atakayeitwa Aprili ijayo, nisingeomba namba zake za chuoni. Ningeuliza anakwenda klabu gani.

New York Jets walimchagua Geno Smith mwaka 2013, Sam Darnold mwaka 2018 akiwa wa tatu, na Zach Wilson mwaka 2021 akiwa wa pili. Waliwaacha wote. Smith alichanua Seattle. Darnold, baada ya kupita Carolina na San Francisco, aliiongoza Minnesota kushinda mechi 14 kati ya 17 mwaka 2024, akirusha tachidauni 35. Jets, tangu msimu wa 2011 hadi huo wa 2024, hawakufika hatua ya mtoano hata mara moja.